Nilipima tairi za coupe ikiwa tupu, na yaliyompata dada yangu barabara ya Kisian

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni mzee, nimeshapita miaka sabini na tano, na mara nyingi humu jukwaani huwa nasoma tu na kunyamaza.

Leo naandika kwa sababu ya kijana mmoja aliyeuliza juzi. Amenunua coupe ya zamani, ya milango miwili, anataka kuiwekea rim pana na tairi kubwa nyuma. Akauliza, "Itakaa?" Watu kama ishirini wakamjibu weka tu, itapendeza.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza huko nyuma atakuwa anabeba nani.

Nitakayoandika hapa yalinitokea mimi. Majina nimebadilisha kidogo kwa heshima ya waliotangulia. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale ambayo yananiaibisha.

Mwanzo wa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa tairi Kisumu, kwenye gereji ya Mhindi mmoja karibu na bandari. Tulimwita Mzee Karim. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua kila kitu kinachozunguka.

Na kwa kweli kazi niliijua. Kutoa tairi ya lori kwa nyundo na vyuma viwili, kuziba tube, kusoma tairi ilivyolika nikakuambia gari imepinda wapi. Watu walitoka mpaka Ahero kunitafuta mimi.

Dada yangu Atieno ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi anaitwa Odhiambo, mtu wa Seme, mbele ya Kisian. Mtu mpole. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Awino, wa miaka minne.

Odhiambo hakuwa mlevi wala hakuwa na wanawake. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, magari. Alikuwa anakata picha za magari kwenye magazeti anabandika ukutani, mpaka Atieno akawa anasema ameolewa na ukuta.

Sasa wakati ule Wazungu wengi wa mashamba ya miwa walikuwa wanauza vitu waende kwao. Odhiambo akapata coupe kwa mmoja wao huko Muhoroni. Gari ya Kiingereza, ya miaka kama kumi na miwili hivi, rangi ya maziwa, chini kabisa, viti viwili mbele na benchi ndogo nyuma. Make yake sitaitaja, kosa halikuwa la gari.

Tairi zake zilikuwa nyembamba. Mnaojua vitu vya zamani, zilikuwa crossply za inchi kumi na tatu juu ya rim ya inchi nne. Ukiitazama kutoka nyuma ilionekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

Odhiambo hakuipenda hiyo sura. Akaniambia, "Shemeji, hii gari ni ya mbio lakini imesimama kama mwalimu. Nitafutie miguu."

Nikamtafutia.

Kulikuwa na saloon moja kubwa iliyogongwa, imelala nyuma ya gereji. Rim zake zilikuwa inchi tano na nusu, nati nne, na mashimo yakalingana na ya coupe. Nikapata pia radial nne, pana, nusu mpya. Siku hizo radial ilikuwa kitu cha kusifiwa.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi mchana, Mzee Karim akiwa amefunga ofisi ameenda nyumbani. Mbele zikaingia vizuri. Nyuma zikaingia pia, lakini rim ile ilikuwa na offset nyingine, yaani inakaa tofauti kwenye ekseli, kwa hivyo gurudumu lilitoka nje karibu inchi moja kuliko la kwanza.

Nikaingiza vidole kati ya tairi na ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Viwili vikapita. Nikasema basi, nafasi ipo.

Gari ilikuwa tupu, wakuu. Hakukuwa na mtu ndani. Hata spea ilikuwa chini.

Odhiambo alipokuja kuichukua aliizunguka mara tatu. Halafu akanishika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayeshukuru kanisani.

Jumatatu Mzee Karim akaiona imesimama nje. Aliinama, akatazama nyuma kwa muda, akaniuliza, "Hii umepima na mzigo?"

Nikasema, "Nimepima, mzee. Vidole viwili."

"Mimi sijauliza vidole. Nimeuliza mzigo. Springi za hii gari ni mzee kama mimi. Weka gunia mbili za simiti nyuma, halafu pima tena."

Nikasema sawa. Siku hiyo tulikuwa na malori matatu yanangoja, na kesho yake vilevile. Sikuweka simiti.

Baada ya wiki kama mbili Odhiambo akarudi. Akasema ikipita kwenye shimo kuna kitu kinakwaruza nyuma, upande wake. Nikaipandisha jeki, nikatoa gurudumu la kulia. Ukingo wa madigadi ulikuwa unang'aa kama kijiko, na kwenye tairi kulikuwa na mstari mweusi mahali raba imesuguliwa.

Kwa wasiojua, ule ukingo wa ndani ni bati lililokunjwa. Ni mkali. Tairi ikiugusa kila mara, unaikata polepole kama kisu cha samaki.

Dawa yake ni kuukunja ulale juu. Nikachukua nyundo na kipande cha mbao nikaukunja wa kulia vizuri. Ilinichukua zaidi ya saa moja.

Halafu nikaenda kushoto. Nikapitisha kidole. Ukingo ulikuwa safi, rangi yake yote ipo, hakuna alama.

Odhiambo akaniuliza, "Na huu?"

Nikamwambia, "Huu haugusi. Uko sawa."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nataka yule kijana asome polepole. Dereva wetu hukaa kulia. Odhiambo alikuwa anaendesha peke yake, nyumbani mpaka shule, shule mpaka nyumbani. Uzito ulikuwa upande wa kulia tu. Kushoto kulikuwa safi kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amekaa kushoto.

Fundi wa kweli angejua. Mimi niliona rangi safi nikaamini rangi.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mazishi ya mjomba wa Odhiambo huko Seme. Walimwacha Awino kwa mama yetu, aliyekuwa anakaa Kondele na kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Wakaondoka baada ya ibada ya asubuhi.

Odhiambo akiendesha, Atieno kando yake. Nyuma, shangazi wawili wa Odhiambo, wanawake wenye mwili, wamebanwa kwenye ile benchi. Kwenye buti kulikuwa na gunia la unga na sufuria mbili za kupikia waombolezaji.

Kabla ya kufika Kisian kuna mahali barabara inapinda kulia ikifuata mguu wa kilima. Gari ikipinda kulia, uzito wote unalala kushoto.

Tairi ya nyuma kushoto ikapasuka pale.

Mmoja wa shangazi aliniambia baadaye kwamba alisikia mlio kama bunduki, halafu akaona kilima kikipita mbele ya kioo, halafu ziwa, halafu kilima tena. Gari ilitoka kushoto ikagonga ukuta wa kalvati kwa mlango wa Atieno.

Dada yangu alifariki palepale. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Odhiambo alivunjika nyonga na paja. Shangazi mmoja alivunjika mkono, mwingine alitoka na michubuko tu.

Mimi nilikuwa nyumbani nafua overall. Mtu alikuja na baiskeli kuniita, na njiani hakusema kitu zaidi ya "Twende, twende."

Kesho yake gari ilivutwa ikaletwa kituo cha polisi. Afisa mmoja akatuma niitwe, si kwa sababu ya undugu. Hata hakujua. Alitaka fundi wa tairi atazame.

Nikatazama. Ubavu wa nje wa ile tairi ulikuwa umekatwa, mstari mmoja mrefu umefuata mzunguko. Ukingo wa madigadi wa kushoto ulikuwa unang'aa, na raba nyeusi imegandia juu yake. Hakukuwa na haja ya kufikiri. Mtoto wa shule angeelewa.

Afisa akaniuliza, "Fundi, hii ilipasuka kwa nini?"

Nilikuwa nimeinama. Niliona viatu vyake tu, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri.

Nikasema, "Mwendo, afande. Tairi ikipata moto kwa mwendo inapasuka."

Akaandika. Hakuuliza lingine.

Sitawaambia kwamba nilipanga. Sikupanga. Lile neno lilitoka tu, kama mkono unavyoruka ukigusa sufuria ya moto. Lakini nilikuwa na wakati wote wa kulirudisha na sikulirudisha.

Lile neno likatembea. Polisi wameandika mwendo. Likafika sokoni Kondele, likafika Obunga, likafika Seme kabla ya jeneza.

Tulimzika Atieno nyumbani kwa mumewe kama desturi ilivyo, mumewe akiwa hospitalini amefungwa mguu juu. Mama alisimama kando ya kaburi akasema mbele ya watu wote, "Mtoto wangu ameuawa na mwendo wa mtu aliyetaka kuonekana."

Watu wa Seme wakainamisha vichwa. Hakuna aliyembishia. Mimi nikachukua udongo nikatupa kama ndugu wengine.

Odhiambo alikaa hospitalini miezi mitatu. Sikwenda kumwona. Nilimtumia salamu.

Awino alibaki kwa mama. Odhiambo alipotoka, akitembea na magongo mawili, alikuja Kondele kumchukua mtoto wake.

Nilikuwepo. Nilikuwa ndani nakula.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wanasalimiana kwa mbali, kwa heshima kubwa, hata kula pamoja hawali. Kwa hivyo mjue lilikuwa jambo zito kiasi gani mama kwenda mlangoni na kumkabili uso kwa uso.

Odhiambo alisema, akitazama chini, "Mama, nimekuja kumchukua Awino. Nyumbani dada yangu yupo, atanisaidia."

Mama akasema, "Uliniulia mmoja. Wa pili sikupi."

"Mama, sikuwa nakimbiza."

"Polisi wanajua. Rudi kwako."

Akafunga mlango. Nilisikia magongo yakienda, taratibu, kwenye changarawe. Awino alikuwa amesimama kando ya meza akaniuliza, "Mjomba, ni baba?"

Nikamwambia ale.

Wakuu, hapa huwa nanyamaza hata nikisimulia mwenyewe moyoni. Tuendelee.

Mzee Karim hakuwa mjinga. Alikuwa ameiona ile gari kituoni, maana polisi walimwita yeye pia kuhusu kuivuta. Hakuniambia kitu kwa miezi mingi. Siku moja tukiwa tunakunywa chai aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kuhusu mvua, "Ule upande wa kushoto. Uliukunja?"

Nikasema, "Hapana, mzee."

Akakoroga chai yake. "Mimi najua. Wewe unajua. Huyo mwalimu anajua?"

"Hapana."

"Basi anafikiri ni yeye." Akainuka akaenda ofisini. Baadaye akapita tena akaniambia kesho nisije kazini, niende Seme.

Nilienda. Njia nzima kwenye basi nilikuwa natunga maneno, na nilipofika yote yakapotea.

Odhiambo alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti, mguu mmoja umenyooka mbele, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Kaburi la Atieno lilikuwa pale kando, majani yameanza kuota. Alifurahi kuniona. Akataka kuinuka anisalimie, nikamwambia akae.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Rim, offset, simiti ambayo sikuweka, ukingo wa kushoto, afande na neno mwendo. Yote.

Alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Hakuiweka chini.

Akauliza, "Mwendo wangu ulikuwa ngapi?"

Nikasema, "Mimi sikuwepo, shemeji."

"Ilikuwa maili arobaini. Niliona arobaini. Halafu wakasema mwendo, wakasema mwendo, kila anayekuja hospitalini anasema mwendo, mpaka nikaanza kuona sitini. Nikilala naona mshale uko kwa sitini." Akageukia kaburi. "Miezi nane, Okoth. Nimemwomba Atieno msamaha hapa kila asubuhi kwa kitu ambacho sikufanya."

Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, kwa ukali ambao sikuwahi kusikia kwake.

"Usinipigie magoti. Hizo rim ni mimi nilizitaka, hiyo nitaibeba mwenyewe. Lakini hili lingine ni lako. Twende umwambie mama yako."

Tukaenda siku ileile, yeye na magongo yake, mimi nimemshikia mfuko. Basi lilipopita pale kwenye kalvati alifumba macho, na mimi nikatazama upande wa ziwa.

Mama alikuwa anaanika omena. Alipomwona Odhiambo alisimama, amekunja uso. Nikasema kabla hajafungua mdomo. Safari hii nilisema kwa Dholuo, lugha yetu, na kwa Dholuo hakuna neno offset la kujificha nyuma yake. Nilisema nilifunga tairi vibaya, tairi ikamuua Atieno, nikadanganya.

Mama aliniuliza maswali mawili tu.

"Ulijua siku ya mazishi?"

"Nilijua, mama."

"Na udongo ukatupa?"

"Nilitupa."

Akaingia ndani. Tulisimama nje pale muda mrefu, omena zinanuka juani, majirani wanajifanya hawaoni. Alipotoka alikuwa amemshika Awino mkono, amemvika gauni la Jumapili, na nguo zake nyingine zimefungwa kwenye kitambaa.

Akamwambia Odhiambo, "Baba Awino, nilikukosea mbele ya watu. Nitakuja Seme niseme mbele ya watu haohao."

Na alienda. Jumapili ya pili alisimama kanisani kwao akasema. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kuomba radhi kwa mtu.

Mimi nilienda kituo cha polisi kubadilisha maneno yangu. Yule afisa alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alinisikiliza nusu, akasema hiyo kesi ilishafungwa, niende nyumbani. Kwa hivyo kama hiyo karatasi bado ipo mahali, bado inasema mwendo.

Mama hakunifukuza. Aliendelea kunipikia nikienda kumwona, ananiwekea chakula mezani vizuri, halafu anatoka nje mpaka nimalize. Ilikuwa hivyo miaka kumi na tisa, hadi alipofariki. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nakula.

Odhiambo hakuendesha gari tena. Hakuoa mpaka Awino alipomaliza darasa la saba. Tulikuwa tunasalimiana kwenye harusi na matanga, na kila mara alinipa mkono kwanza yeye. Lakini mikono miwili kama ile siku ya kwanza, hapana.

Awino alipokuwa kidato cha pili alinijia mwenyewe gereji. Akasema anataka kusikia kwangu, si kwa watu. Nikamwambia kama nilivyowaandikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kuniambia, mjomba," akachukua mfuko wake akaenda. Leo ana wajukuu. Hunipigia simu Krismasi. Huwa tunazungumza kuhusu mvua na afya.

Sasa yule kijana wa coupe, na wengine wenu.

Size inayoingia si size inayokaa. Usiniletee habari ya vidole viwili gari ikiwa tupu. Weka watu wanne ndani, wazito, jaza buti, halafu pima. Pinda usukani mpaka mwisho pande zote, pima tena. Pita kwenye tuta na huo mzigo, shuka, tafuta mahali panapong'aa. Upande mmoja ukiwa na alama na mwingine hauna, usiseme huo mwingine ni mzima. Jiulize nani hajakaa upande ule bado.

Springi za gari ya zamani zimechoka, zitashuka kuliko kitabu kinavyosema. Kama rim inatoa gurudumu nje, kunja ukingo pande zote mbili siku ileile. Kama huna muda siku hiyo, rudisha tairi zake za zamani mwenye gari aende nazo. Atanuna. Anune.

Na wewe fundi, siku ukikosea, na utakosea, sema ukiwa bado umeinama hapo kwenye gurudumu. Mimi nilisema baada ya miezi nane, na katika hiyo miezi nane nilimtesa mtu aliyenishukuru, nikamnyima mtoto baba yake. Tairi haikufanya hayo. Nilifanya mimi.

Nimemaliza. Mwenye swali la size au offset aandike hapa chini ataje gari yake na anabeba watu wangapi, nitamjibu ninavyojua. Na mwenye neno la kunilaumu pia aandike. Nitasoma yote.